Jirani wa Namba Yangu

Kwetu Upareni watu hutusema kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nimeishi Morogoro miaka mingi, nafundisha hisabati sekondari, na kila nikijitambulisha lazima atokee mtu wa kunikumbusha ng'ombe huyo. Huwa nakasirika, nabisha, na katika kubisha kwangu namthibitishia mwenzangu kwamba hakukosea. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele kwamba mtu mzima, mwenye shahada yake, alikaa miezi kadhaa akigombana na namba.

Namba yenyewe ni ya ukoo mmoja maarufu. Chukua mbili, izidishe kwa mbili, tena kwa mbili, endelea hivyo mpaka uchoke, halafu toa moja. Wataalamu wameuita ukoo huo kwa jina la mtawa mmoja wa Kifaransa wa zamani, jina ambalo wanafunzi wangu wameshindwa kulitamka, nami sitamlazimisha msomaji. Baadhi ya namba hizo hazigawanyiki kwa chochote isipokuwa moja na zenyewe. Shuleni tunaziita namba tasa, neno ambalo mwanamke anayetarajia kuolewa hashauriwi kulisemasema mbele ya wakwe. Nyingine zinagawanyika, lakini kuvipata vigawo vyake ni shughuli ya kumzeesha mtu. Yangu ilikuwa ya aina hii ya pili. Ilishathibitishwa kwamba inagawanyika, ila kwa namba zipi, hakuna aliyejua. Ni kama kuambiwa bwana fulani ana mke wa pili, halafu jina la mke usilipate na nyumba usionyeshwe. Nani angelala?

Basi nikamkumbuka mama yangu. Alipokuja mtu kuposa dada zangu, mama hakuhangaika kumtazama bwana harusi mtarajiwa. Alivaa khanga zake, akaenda mtaani kwa huyo kijana, akajifanya anatafuta kuku aliyepotea, akakaa kwa jirani mpaka chai ikaletwa. Alirudi anajua kila kitu. Alikuwa akisema kwamba mwenyewe atakudanganya, lakini jirani hana sababu ya kukudanganya. Nikajiambia, namba yangu inajificha. Nitamuuliza jirani yake.

Namba nayo ina majirani, mmoja juu na mmoja chini. Jirani wa chini wa namba yangu alikuwa laini, maana ni namba shufwa, na ukimshika vizuri anameguka vipande vipande kama muhogo uliochemka. Tatizo ni kwamba mtoto wa shule ya msingi aliyefundishwa KKS angeniambia napoteza muda. Chukua 2047, mdogo kuliko wote katika ukoo huo kati ya wale wanaogawanyika kwa taabu. Ni 23 mara 89. Jirani yake wa chini, 2046, ni mbili mara tatu mara kumi na moja mara thelathini na moja. Tafuta hapo kitu kilichomo ndani ya 2047. Hakuna. Wala hakitakuwepo hata ukipanda mpaka kwenye namba ya kujaza daftari zima, kwa sababu namba mbili zilizopakana, kigawo chao kikubwa cha shirika ni moja. Kinachoishi kwa huyu hakiishi kwa yule. Kwa hiyo nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba ambayo nilijua fika kwamba ninayemtafuta hayumo.

Lakini si nimeshasema kabila langu?

Tena nilikuwa na sababu. Toa moja kwenye 23, toa moja kwenye 89, utaona kwamba zote mbili zinazobaki zinagawanyika kwa 11, na 11 tumemkuta kwa jirani. Nilipoliona hilo kwa macho yangu nilirukaruka chumbani. Umbea! Jirani hana vigawo, lakini ana umbea! Nikampigia simu mchumba wangu, ambaye alikuwa Turiani kwenye kazi yake ya miwa, nikamweleza nusu saa nzima. Akasema, "Hongera sana," kwa sauti ya mtu anayevuka barabara. Baadaye nikasoma kwamba umbea huo ulijulikana kabla babu yangu hajazaliwa, na kila anayezitafuta namba hizi huanzia hapo. Hauvunji kitu. Unakupunguzia tu milango ya kugonga, na iliyobaki bado haihesabiki.

Katika kusoma huko nilikuta jambo moja tu ambalo jirani analiweza. Akishavunjwa vizuri, anaweza kutumika kuthibitisha kwamba namba iliyo juu yake ni nzima, yaani tasa, haina ufa popote. Kukuvunjia namba hawezi. Kushuhudia uzima wake anaweza. Nikalipita jambo hilo kwa dharau, kwa kuwa namba yangu haikuwa nzima, nami sikuwa natafuta shahidi. Nilikuwa natafuta mbea.

Nikaamua kumvunja jirani mpaka chembe ya mwisho, nione kama hana umbea mwingine. Kazi hiyo niliipa kompyuta ya mezani niliyoinunua kwenye vitu chakavu, sanduku zito la chuma lenye feni inayonguruma. Niliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaifunika kipande cha khanga kuzuia vumbi, nikaiwasha nikaiacha. Ilifanya kazi usiku na mchana. Na hapo ndipo jirani wa pili anapoingia, huyu wa nyama na damu.

Nyumba ninayopanga ni moja iliyokatwa katikati kwa ukuta. Upande wangu naishi mimi. Upande wa pili anaishi mama mmoja mjane, mstaafu wa kiwandani, anayeuza barafu na juisi ya ukwaju mlangoni pake. Upande mwingine wa nyumba ni shamba la mahindi, kisha mto, kisha milima. Ukuta wetu haukufika juu, dari ni moja, kwa hiyo chafya yake naiitikia mimi. Luku nayo, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Kwa asiyejua balaa la watu wawili kutumia luku moja, nitasema hivi tu: kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayemaliza umeme. Yeye alikuwa na friji. Mimi nilikuwa na namba.

"Mwalimu," alikuwa akiniita asubuhi, mita ikianza kulia pipi-pipi-pipi pale ukutani, "hilo dude lako limeshiba?"

"Shikamoo mama. Friji lako hilo."

"Marahaba. Friji langu linagandisha barafu, watu wanaona. La kwako linagandisha nini?"

Siku moja, kwa hasira, nikamweleza ukweli. Nikamwambia naichunguza namba kubwa kwa kumchunguza jirani yake. Alinitazama kwa muda, akafunga khanga yake upya, akaingia ndani.

Ugomvi mkubwa ulitokea wiki ile ambayo mashine ilikuwa imebakiza pande moja gumu la jirani. Sikutaka kuizima hata kidogo. Nilikwenda shuleni, umeme ukaisha, na niliporudi nilikuta mama kasimama uani na beseni la maji ya rangi ya ukwaju yaliyokuwa barafu asubuhi. Alisema yake, nikasema yangu. Nilisema mpaka waliokuwa mtoni wakaacha kufua. Nilimwambia friji lake ni la enzi za kiwanda, linakula umeme kama limetumwa. Akaniambia nimesoma mpaka nimepitiliza kituo. Tukanuniana. Kwangu kununiana si jambo dogo. Mimi nikinuna, nanuna kwa mpangilio.

Tulikuwa katikati ya kununiana huko ndipo ujumbe wa mchumba wangu ulipoingia. "Mjomba anashuka kesho. Atauliza kwa majirani. Wewe kaa kawaida tu."

Mchumba wangu ni Mluguru wa Mgeta, na kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba yake alishanikubali zamani, tena kwa furaha, lakini mchumba wangu alinionya mapema kwamba baba ni baba, mwenye neno ni mjomba. Mjomba akisema hapana, hakuna ndoa, hata baba alie. Na mjomba huyo, kama mama yangu, hakuwa mtu wa kuulizia mambo kwa mwenyewe. Ningekuwa na majirani kumi ningetafuta wawili wa kuniokoa. Nilikuwa na mmoja, na mahindi.

Nilimpenda yule bwana wa miwa. Naliandika waziwazi kwa sababu katika vurugu za luku na namba linaweza kupotea. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kupata mwanamume atakayenisikiliza nusu saa kuhusu 2047 bila kukata simu. Usiku ule sikula.

Asubuhi nilizima mashine. Hesabu niliyoianza upya tangu umeme ulipoisha ikaenda na maji tena, nami sikuihurumia. Nikapika pilau, nikajaza sahani yangu nzuri yenye maua, nikagonga kwa mama. Alifungua, akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante," akafunga mlango. Mahali petu sahani ya jirani hairudi tupu, na ikirudi mapema ni dalili njema. Nilikaa nikaisubiri. Haikurudi.

Mjomba alifika kabla ya adhuhuri. Nilimwona kupitia dirishani: mzee mwembamba, koti zito la baridi ya kwao katika jua la mjini, viatu vyenye udongo mwekundu, na tenga la matunda begani. Alipita mlangoni pangu bila hata kugeuka, akaenda moja kwa moja kwa mama, akaomba juisi. Nikapanda juu ya kitanda ili sikio liwe karibu na dari.

"Nasikia hapa jirani kuna mwalimu," akasema mjomba, kwa lafudhi ya milimani, maneno yakipanda na kuteremka.

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Kuna kijana wetu ana neno naye. Nimekuja kutazama."

"Nyie wa wapi?"

"Wa juu huko. Mgeta."

Nikasikia kiti kikivutwa. Kisha mama akapaza sauti, sauti ambayo katika miaka yote ya luku sijawahi kuisikia.

"Waluguru! Yaani Waluguru siku hizi mnaoa walimu? Mkampandishe mlimani akawafundishe nyani?"

Nikashika kichwa. Kumbe hasira za barafu zilikuwa hazijaisha. Sasa alikuwa anamtukana mkwe wangu.

Mjomba akajibu jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulipata. Mama akaendelea, kila neno likinifikia kamili.

"Tena huyo mnayemtaka, heri mkaoe friji langu. Lenyewe linapoa, yule hapoi. Mpare huyo! Ana sanduku la chuma ndani, kalifunika khanga kama maiti, linanguruma mchana na usiku. Umeme wangu wote umeishia humo. Kupika hajui. Pilau lake nimeletewa leo, nimetafuta nyama kama mtu aliyedondosha sindano."

"Na hilo sanduku," mjomba akauliza, "lina nini?"

"Namba. Aliniambia anamchunguza jirani wa namba. Nikamtazama. Jirani wa namba anamkeshea, jirani wa nyumba anamtukania friji!"

Kisha nikasikia mjomba akitoa sauti ya kukaba, kama mtu aliyepaliwa au anayelia. Hapo Upare ukanipanda. Nikajiambia kesi hii siwezi kuiacha iamuliwe nikiwa juu ya kitanda. Nikashuka, nikajifunga khanga kiunoni, nikatoka.

"Shikamoo mjomba," nikasema, nikapiga goti, na kabla hajamaliza kuitikia nikaanza. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba ushahidi anaousikia haufai kisayansi. Nikaokota kijiti. Nikachora 2047 kwenye mchanga mbele ya viatu vyake, na chini yake 2046. Nikavunja zote mbili vipande. Nikamwonyesha kwamba hakuna kipande cha huyu kilichomo kwa yule, na kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa majirani wote tangu dunia iumbwe. "Kwa hiyo mjomba," nikamalizia, jasho likinitoka, "jirani hajui chochote kilichomo ndani ya jirani yake. Nimefanya utafiti. Nimeshindwa mimi mwenye mashine, ndiyo utaweza wewe kwa glasi ya ukwaju?"

Mjomba alizitazama namba. Akasogeza kiatu asizikanyage.

"Sasa mwanangu, hii kubwa ukishaivunja, inapandwa au inaliwa?"

"Haifanywi chochote, mjomba. Inajulikana tu."

Akamgeukia mama. Mama akamtazama. Wakaangua kicheko wote wawili, kile cha kupiga mapaja, mpaka juisi ikamwagika juu ya 2046. Ndipo nikaelewa kwamba zile sauti za kupaliwa zilikuwa za mtu anayejizuia kucheka. Nilisimama na kijiti changu, nikiwa sielewi kesi yangu imeshinda au imeshindwa.

"Mwanangu," mama akasema akijifuta machozi, "huyu ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Waluguru watani toka enzi za mababu. Ulitaka nikusifie mbele ya Mluguru? Si angejua mara moja kwamba tunamuuzia mali mbovu!"

Miaka yote hiyo nilimdhania mtu wa Tanga, kwa sababu kila anachokipika anakitia nazi. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa najua jirani wa namba yangu anagawanyika kwa ngapi, kipande kwa kipande kasoro kimoja, lakini kabila la mama niliyepakana naye dari nililikisia kwa harufu ya mchuzi.

"Nimecheka," mjomba akasema, akavua kofia akaiweka gotini. "Sasa utani tuuweke kando, dada. Neno moja tu. Ukizidiwa hapa, unamwita nani?"

Mama alichukua kitambaa, akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Siiti," akasema. "Nilipoanguka bafuni kwa presha sikuita, sikuwa na sauti. Huyu alisikia kimya. Alisikia sijafungua friji asubuhi, akaja. Akavunja komeo kwa mchi wa kinu. Akanibeba mpaka barabarani huku ananigombeza kwamba sinywi dawa. Hospitali alikaa nami mpaka wauguzi wakadhani ni binti yangu, na mimi sikuwakatalia." Akakunja kitambaa. "Komeo hajarudisha mpaka leo. Ana ndani mambo ambayo siyajui na siyataki. Lakini ni mtu mzima huyu, hana ufa. Mkimwacha, hasara ni yenu."

Nilikuwa nimeisahau siku ile. Si kwamba nilijifanya. Kweli nilikuwa sijaihesabu kuwa kitu. Nilipiga goti tena ingawa hakuna aliyeniambia, kwa kuwa nilihisi chozi linakuja na sikutaka mjomba alione. Chini pale mchangani 2047 ilikuwa bado inasomeka. Jirani yake alikuwa tope la ukwaju. Nikalikumbuka lile jambo nililolipita kwa dharau vitabuni, kwamba jirani kazi yake si kukuvunja, ni kukushuhudia, nikaona aibu mbele ya namba.

"Basi mimi nimemaliza," mjomba akasema. Akavaa kofia yake, akaacha tenga la matunda damu kwa mama, siyo kwangu, akasema mengine yatafuata kwa utaratibu. Alipofika kwenye mahindi akageuka. "Mtani! Nyani wetu wanasubiri mwalimu!"

"Waambie waoge kwanza!" mama akamjibu.

Nilimpigia mchumba wangu nikamweleza yote. Akasema alijua. Alijua mama ni Mnyamwezi, maana siku ya kwanza alipokuja kwangu mama alimuuliza kama wameshajua kuvaa viatu huko kwao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikwambia ukae kawaida." Ndiye huyo nitakayeolewa naye, na kesi hiyo bado iko mahakamani.

Jioni niliwasha mashine. Hesabu ilianza upya, toka mwanzo, na feni ikanguruma. Haikupita muda mita ikaanza kulia, pipi-pipi-pipi. Nikasubiri kelele kutoka juu ya ukuta. Hazikuja. Badala yake mlango ukagongwa, mama amesimama na sahani yangu ya maua, imejaa matunda damu ya Mgeta, yameoshwa.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Akabaki mlangoni akilitazama sanduku langu chini ya khanga.

"Hilo nalo utapanda nalo mlimani?" akauliza.

"Nitapanda nalo, mama."

Akatikisa kichwa, akasikiliza mita inavyolia.

"Na mimi luku nitagombana na nani?"